Nta ya Tata Nkongolo

Dosye ya mzee Nkongolo, faili la kesi yake, ilikuwa na karatasi nne tu, na Odile Mushiya alizisoma zote akiwa amesimama, mkoba bado begani, vumbi la barabara ya Mutshatsha likiwa bado kwenye nyusi zake.

Siku nne nzima alikuwa huko Mutshatsha akiwasaka wezi wa nyaya za reli. Alirudi Kolwezi Jumatatu saa tano asubuhi, na kabla hajaomba hata maji ya kunywa akakabidhiwa kesi ya mtu aliyekufa. Mkosaji alikuwa tayari, muhuri tayari, na chini ya ukurasa wa mwisho palikuwa na nafasi tupu ya sahihi ya OPJ, yaani ofisa wa upelelezi. Kituo kile kidogo cha polisi kilikuwa na OPJ mmoja tu, naye ni yeye.

Karatasi zilisema hivi. Ijumaa saa kumi na mbili jioni gari jeupe lilimgonga Dady Kalonji, muuza makala, yaani mkaa, kwenye barabara ya mtaa wa Kapata, likaenda zake bila kusimama. Dady alikufa palepale kando ya baiskeli yake. Mlinzi wa ghala la jirani aliona gari jeupe, lakini malori ya mgodi yalikuwa yametimua vumbi na hakuweza kusema ni gari la aina gani. Kesho yake Jumamosi, komanda wa kituo, Omer Kitenge, alimkuta Nkongolo, karani mstaafu wa mgodi ambaye mtaa mzima ulimwita tata, yaani mzee, akiosha Toyota Carina nyeupe uani kwake Kapata. Mzee alikuwa ameanza alfajiri, na saa nne alikuwa bado anaosha. Madigadi ya mbele upande wa kulia ilikuwa na mkwaruzo. Basi wakamfunga pingu.

Odile aliichukua dosye mpaka ofisini kwa komanda. Kitenge alikuwa akila karanga, maganda yakianguka juu ya gazeti.

"Chef, hii dosye haijaiva."

"Imeiva. Mutu anaosha motoka masaa tano. Anaosha nini? Anaosha damu."

"Ule tata anaosha kila siku ya posho. Kapata yote inajua."

Posho ndilo jina la Jumamosi kwa watu wa huko, tangu enzi ambazo mgodi uliwagawia wafanyakazi unga siku hiyo, kama Ijumaa ilivyo siku ya tano na Jumapili siku ya yenga. Kitenge hakukataa kwamba anajua. Alivunja karanga nyingine.

"Saa kumi, jipu yangu inamupeleka ku parke, na kutoka kule anaenda mu gereza. We tia saini tu. Na umuulize funguo ya ile motoka. Tangu posho anatukatalia."

"Na kama haiko yeye?"

"Saa kumi, Odile."

Parke, ofisi ya mwendesha mashitaka, ilimngoja mzee saa kumi, na sasa ilikuwa saa tano na robo. Odile alikunywa vikombe viwili vya maji, akachukua futi ya mshonaji anayotembea nayo kwenye mkoba, akatoka uani.

Baiskeli ya marehemu ilikuwa imeegemezwa ukutani, na kando yake, juu ya kikwembe chake cha kujifunga kilichokunjwa, aliketi mwanamke kijana aliyenyoa nywele. Huyo alikuwa Tina, mjane wa Dady. Polisi wawili walimwambia Odile kwamba tangu Jumamosi mama huyu anakuja asubuhi na kuondoka jioni, na wamechoka kumfukuza.

"Pole, mama," Odile alisema. "Naomba nipime kinga ya bwana yako."

"Pima," Tina alijibu. "Benyewe hawakupima kitu."

Odile aliisimamisha kinga hiyo, yaani baiskeli, wima. Usukani, mwishoni mwa mkono wa kushoto, ulikuwa na alama ya rangi nyeupe urefu wa kidole. Alipima kutoka chini: sentimita mia moja na nne. Kisha aliigusa rangi ile kwa kucha. Ikabaki unga mweupe kwenye kidole, kama chaki ya shule. Aliandika yote mawili kwenye kijitabu chake, urefu na unga, na hakujiambia lolote bado.

Mzee Nkongolo alikuwa amekalishwa kwenye benchi la saruji ndani ya chumba cha mahabusu, viatu vimevuliwa, mgongo umenyooka. Alikuwa na miaka sitini na kitu, ndevu zimekatwa kwa mkasi, shati limefungwa hadi kifungo cha mwisho ingawa amelilalia siku mbili.

"Tata, mi OPJ Mushiya. Dosye yako iko mu mukono yangu."

"Basi andika mu ile dosye. Bapolisi benu balitia kitambaa ya rangi na kitambaa ya magurudumu mu saki moja."

Odile alidhani mzee anafanya mzaha. Alimtazama usoni akaona kwamba hafanyi.

"Tutafika kule, tata. Uligonga mutu siku ya tano?"

"Hapana."

"Saa kumi na mbili ya mangaribi ulikuwa wapi?"

"Ku nyumba. Motoka ilikuwa chini ya shuka. Haikutembea tangu siku ya yenga, wakati tulienda ku misa."

"Nani anaweza kusema vile?"

"Bibi yangu. Lakini komanda wako anasema bibi haiko shahidi."

"Na mukwaruzo?"

"Mbuzi ya jirani. Mwezi wa tano. Ilitaka kupanda juu ya motoka na pembe yake. Mbuzi ile balishaikula, nilichangia chumvi."

"Funguo iko wapi?"

"Iko mahali iko."

"Tata, nakusaidia."

"Mama, kama nawapa funguo, kesho nitaona motoka yangu imebeba mbuzi na makala ya komanda. Mi nilizaliwa hapa Kapata. Mwaka tisini na tatu balitia bantu ya Kasai kama sisi mu mabehewa kubafukuza, baba yangu alikatala, alifunga mulango na kuikala. Na mi nakatala. Andika ile."

Odile aliandika. Alikuwa amehoji watu wengi chumbani mle, wenye makosa na wasio na makosa, na wote walianza kwa kuomba. Huyu hakuomba kitu, na jambo hilo lilimpendeza zaidi ya alivyotaka lionekane.

"Unaosha namna gani masaa tano?"

Hapo mzee alisogea kwenye benchi akampa nafasi ya kukaa, kana kwamba yeye ndiye mwenye nyumba.

"Ndoo mbili. Moja ya sabuni, moja ya kusukutua kitambaa. Unaanza juu, unashuka. Kitambaa inaenda mustari, haizunguke. Vumbi ya Kolwezi iko na majiwe ndani yake, ukizungusha unachora motoka. Magurudumu ni ya mwisho, na kitambaa yake. Kisha unapangusa. Kisha, mara moja ku mwezi, sire."

Sire ni nta, ile ngumu ya kopo, inayopakwa juu ya rangi na kusuguliwa mpaka ing'ae.

"Na malori inapita, na kisha saa moja iko muchafu tena. Juu ya nini unajisumbua?"

"Juu ya ile njo naosha. Ule mugodi ulikamata mapafu ya baba yangu. Ulikamata masikio yangu. Sasa vumbi yake inaingia mpaka mu sahani. Motoka yangu hautaikamata. Kila posho naitoa yote, na kila posho ninajua nimeshinda."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya unga.

"Nitaonyesha parke namna gani kwamba mukwaruzo ni ya zamani?"

"Enda ku nyumba, mwanga maji juu yake. Mahali iko sire, maji inasimama bitone-bitone, inakimbia. Mahali sire ilitoka, maji inalala tu. Kama ningegonga kinga ya mutu siku ya tano, sire ingetoka pale. Mwanga maji, mama. Maji haina bei."

Saa sita na nusu Odile alikuwa Kapata, katika safu ya nyumba za zamani za kampuni, zote mapacha, zote na mabati yaliyogeuka rangi ya udongo. Mama Laurentine, mke wa Nkongolo, alimfungulia lango bila salamu ndefu. Uani, chini ya shuka la maua lililofungwa kwa kamba pembe nne, gari lilikuwa limesimama.

"Nifungue?" aliuliza Odile.

"Fungua polepole. Akijua umevuta ile shuka chini, ataniuliza mi."

Shuka lilipoondoka, Odile aliona kitu ambacho hajawahi kukiona Kolwezi mwezi wa kiangazi. Gari lile lilikuwa na miaka karibu thelathini, lakini aliweza kujiona mlangoni, nyusi zake zikiwa na vumbi. Aliona aibu akazifuta.

Mkwaruzo ulikuwepo, mwembamba, juu kidogo ya gurudumu la kulia. Alipima kutoka chini: sentimita sitini na moja. Usukani wa baiskeli ulikuwa mia moja na nne. Lakini baiskeli inaweza kuwa ilikuwa ikianguka ilipogongwa, na Kitenge angesema hivyo hivyo kabla ya kumaliza karanga yake. Alipitisha kidole juu ya rangi. Hakukuwa na unga wowote.

Alichota maji kwa kikombe akayamwaga. Yalisimama. Juu ya madigadi yote, na juu ya mkwaruzo wenyewe, yalijikusanya vitone vidogo vya mviringo, vikateleza vikaanguka. Alimwaga tena, na tena, akitafuta mahali yatakapolala. Hayakulala popote.

Alifurahi kwa muda wa pumzi mbili tu. Kisha akawaza kama Kitenge angewaza. Mzee alikuwa akiosha Jumamosi. Nani alisema hakupaka nta Jumamosi hiyo hiyo, juu ya mkwaruzo wa Ijumaa?

"Mama Laurentine, tata alipakaa sire siku ya posho?"

"Na nini? Ile ya zamani iliisha mwezi uliopita. Kopo yake naweka sindano." Mama aliingia ndani akatoka na kopo la bati lililojaa sindano na vifungo, akalitingisha. "Mutoto wetu Mignonne alimutumia mupya kutoka Lubumbashi. Alisema ataifungua ile posho, akimaliza kupangusa. Bapolisi balikuya angali ku mulango wa pili. Balikamata na kopo, haijafunguliwa."

"Uko na uhakika haijafunguliwa?"

"Mi njo nilikuwa naishika wakati bananipokonya."

Odile alikaa kwenye kizingiti akafungua dosye. Karatasi ya tatu ilikuwa orodha ya vitu vilivyokamatwa, kwa mwandiko safi wa Elise, karani wa kituo. Ndoo mbili. Vitambaa tisa. Sabuni ya maji, chupa moja. *Kopo moja la nta, jipya, karatasi ya ndani haijachanwa.* Chini yake, sahihi ya Kitenge mwenyewe.

Mara nyingi kazi hii ilimchosha Odile, lakini sasa alijisikia vizuri kabisa. Nta iliyo juu ya mkwaruzo ilipakwa kabla ya kopo jipya kufika, maana yake kabla ya Ijumaa. Na tangu ipakwe, hakuna kitu kilichogusa madigadi ile. Carina haikumgonga mtu.

"Utamurudisha?" aliuliza mama Laurentine. Alikuwa ameshaanza kulifunga shuka, kamba moja baada ya nyingine.

"Saa kumi njo mwisho, mama. Mbele ya ile, lazima nikamate lile kopo. Naenda kulionyesha parke na karatasi yake nzima."

"Akiingia mu gereza na ile kifua yake mubovu, hatatoka."

Odile alipanda wewa, pikipiki ya kubeba watu, akamwambia dereva asisimame popote.

Saa nane na nusu alikuwa mbele ya kabati la chuma ambamo kituo kilihifadhi vielelezo. Elise aligeuza funguo, akatoa saki la Nkongolo, akaliweka mezani. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini aliyekwishatumikia makomanda sita, na kati ya hao sita hakuna aliyewahi kumsikia akiongea zaidi ya alichoulizwa.

Odile alitoa kopo. Alifungua mfuniko. Karatasi ya ndani ilikuwa imechanwa, imekunjwa pembeni, na katika nta palikuwa na mifereji mitatu mirefu. Mtu alikuwa ameichimba kwa vidole.

Odile alimgeuzia Elise kopo.

"Mama Elise, siku ya posho uliandika haijachanwa."

"Haikuwa imechanwa."

"Nani alikuwa na funguo?"

Elise aliangalia mlango. Kisha aliinuka, akaufunga, akarudi akakaa.

"Posho mangaribi komanda aliniomba funguo. Alisema anataka kuangalia bitu. Alinirudishia siku ya yenga asubui."

"Na siku ya yenga alifanya nini?"

"Alienda Fungurume na jipu, akarudi. Hakukuwa kazi kule. Hakulala, hakula, alienda na kurudi tu."

"Siku ya tano mangaribi, nani aliendesha ile jipu?"

"Yeye. Alienda kuona mutu Kapata." Elise alikunja mikono juu ya meza. "Hakuna mutu aliniuliza, Odile. Sasa umeniuliza."

Odile alilifunga kopo akalitia mkobani. Mwizi wa nta angebeba kopo zima. Huyu alichota kiasi cha mahali pamoja, akarudisha. Alifuta alama fulani kwa nta, ikang'aa, kisha akaenda kilomita mia na zaidi kwenye barabara ya vumbi ili kung'aa huko kusionekane. Odile aliogopa, na hakujificha kwamba anaogopa. Alikuwa na watoto wawili shuleni, na Kitenge alikuwa na marafiki.

Alichukua futi yake akatoka.

Jipu la komanda lilikuwa limeegeshwa katikati ya ua, tayari kwa safari ya saa kumi. Lilikuwa jeupe chini ya vumbi, lakini vumbi lilikuwa kila mahali sawasawa, jekundu, toka juu mpaka magurudumuni. Macho peke yake yasingeona kitu. Odile alizunguka upande wa kushoto akapitisha kidole kwenye madigadi. Chini ya vumbi jekundu kidole kilitoka na unga mweupe. Rangi ya jipu ilikuwa imekaushwa na jua miaka mingi na hakuna aliyewahi kuitunza. Alizunguka upande wa kulia, akashusha futi kutoka ukingo wa madigadi hadi chini. Mia moja na nne.

"Unashonea jipu nguo?"

Kitenge alikuwa amesimama barazani. Nyuma yake polisi wawili, Kabasele na Glodi, walikuwa wakimtoa mzee Nkongolo, pingu mikononi, viatu mkononi mwa Glodi. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika ishirini. Kitenge alikuwa ameamua kuwahi.

"Leta saini yako, tuende."

"Sitie saini, chef."

Polisi walisimama. Tina, kando ya baiskeli, aliinua kichwa.

"Umesema nini?"

"Nimesema sitie. Na naomba dakika tano."

Hakungoja apewe. Alikwenda kwenye bomba la uani, akajaza ndoo, na kwa kuwa ndoo ilikuwa nzito aliibeba kwa mikono miwili, akiinama, viatu vikilowa. Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyemzuia. Alianza na madigadi ya kushoto. Alimwaga taratibu, mpaka vumbi likashuka lote. Maji yaliyobaki yalilala juu ya rangi kama maji yanavyolala kwenye saruji, yakatanda, yakaanza kunyonywa.

"Muone wote," alisema Odile. "Mama Elise, andika."

Elise alikuwa mlangoni na daftari. Hakuna aliyejua alifika pale saa ngapi.

"Odile," komanda aliita.

Odile alizunguka upande wa pili akamwaga nusu ndoo iliyobaki. Vumbi jekundu lilikimbia. Na chini yake, kati ya taa na mlango, mahali penye ukubwa wa sinia, maji yalisimama. Yalijikusanya vitone, mamia, vikitetemeka kwenye jua la alasiri, vikiteleza kimoja kimoja. Kabla ya mahali hapo na baada yake maji yalikuwa yamelala tu.

Kisha mzee Nkongolo, na pingu zake, alipiga hatua mbili mbele, na Glodi akasahau kumshika. Aliinamisha uso karibu na madigadi, akaifuata kwa macho toka mwanzo hadi mwisho kama daktari.

"Ile ni sire yangu," alisema. "Ile ya Mignonne. Na aliipakaa vibaya. Mbele ya kuipakaa alisugua na kitu ya mukali, na alizungusha, muone pale ku pembe, rangi iliisha, inaonekana chuma. Ule mutu alikuwa na haraka."

"Mutu anaweza kutengeneza motoka yake," Kitenge alisema. "Iko kosa?"

"Na kielelezo ya polisi, chef?" Odile aliliinua kopo, akalifungua, akaonyesha mifereji mitatu ya vidole. "Posho asubui ilikuwa nzima, na uliweka saini yako. Posho mangaribi ulikamata funguo. Usukani wa kinga iko na alama mia moja na nne. Jipu yako, mia moja na nne. Rangi ya ku kinga inatoka unga, na ya jipu inatoka unga. Motoka ya tata haitoke unga, iko sire juu yake tangu mwezi uliopita, na haijavunjika. Siku ya tano ulienda Kapata. Ulirudi na barabara gani?"

Kitenge aliteremka ngazi moja. Sauti yake ilishuka pia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Unajua kesho utaamkia wapi? Mutshatsha. Utaikala kule mpaka pensheni, unahesabu saki za makala."

"Nilitoka kule leo, chef. Barabara najua."

"Kabasele. Chukua kitambaa, pangusa ile motoka."

Kabasele alikuwa kijana mkubwa, mwenye mke mjamzito, ambaye kwa miaka mitatu hakuwahi kuuliza amri ni ya nini. Aliangalia kitambaa kilichokuwa juu ya kiti cha jipu. Aliangalia vitone. Alivua kofia yake akaishika kwa mikono miwili, akabaki amesimama.

"Glodi."

Glodi aliweka viatu vya mzee chini, mbele ya miguu ya mzee, vikiwa vimeelekea mbele. Kisha naye akabaki amesimama.

"Basi mi mwenyewe nampeleka," alisema Kitenge. Alimshika Nkongolo mkono, akamsukuma kiti cha nyuma, akafunga mlango, akapanda mbele. Injini ikawaka. Odile alikwenda mbele ya jipu akainua mkono, na alipoona magurudumu yanaanza kuzunguka alijua kwamba mtu huyu ameshampitia mtu mmoja Ijumaa na anaweza kumpitia wa pili. Hakuondoka.

Ndipo alipohisi mtu amepita kando yake. Tina alikuwa amekuja na kikwembe chake. Alikitandika chini, mbele ya gurudumu la kulia, akakilainisha kwa kiganja kama anavyofanya mtu anayetaka kukaa muda mrefu, akakaa. Aliukunja mguu mmoja, kisha mwingine. Mgongo wake ulikuwa karibu kugusa mpira.

Kitenge alipiga honi. Aliipiga tena, muda mrefu, mpaka watu wa barabarani wakaanza kusimama langoni, wauza mikate, wanafunzi, madereva wa wewa. Tina hakugeuka.

"Mama, toa mwili pale," komanda alisema kupitia dirishani.

"Bwana yangu alikuwa na haki ya kupita mu barabara," Tina alisema, bila kupaza sauti. "Hukumupa. Mi sikupe."

Kutoka kiti cha nyuma mzee Nkongolo alicheka, kicheko kikavu cha kifua kibovu, akakohoa, akacheka tena. Mama Laurentine alikuwa amefika langoni kwa miguu toka Kapata na alikuwa akijipenyeza kati ya watu. Elise aliinua simu ya mezani, ile yenye waya mrefu, akaileta mpaka barazani ili wote waone, akapiga namba ya parke.

"Hapa kituo," alisema. "Tunaomba mwendesha mashitaka aje hapa. Hapana, haiko kwa ule tata. Iko kwa mutu mwingine. Aje upesi, maji haijakauka."

Injini ilinguruma dakika moja zaidi, kisha ikazimwa.